Siku Ziliongezwa, Mlango Ukafungwa

Anayetoka mjini Bujumbura kwenda kusini hupita Musaga au Kinindo, akavuka mto Kanyosha, na hapo amekwisha ingia katika mtaa uliochukua jina la mto huo. Kulia kwake liko Ziwa Tanganyika, kushoto vilima. Ni mtaa wa watu wa jasho: waashi na vibarua wao, mafundi baiskeli, wachuuzi wa dagaa, akina mama wanaoondoka alfajiri na beseni kichwani, walimu, makarani wadogo. Na askari polisi pia. Askari naye ni mpangaji, ana watoto shuleni, anakopa dukani kama sisi. Kwa hiyo mkazi wa Kanyosha anaposema kwamba polisi walihusika katika mauaji ya kisiasa, mara nyingi hasemi habari za watu asiowajua.

Jambo hilo ndilo linalofanya uchunguzi kuwa mgumu, na ndilo linaloufanya kuwa wa lazima. Makala hii inahusu tume zilizoundwa kuchunguza mauaji hayo, na hasa ile habari ya kuziongezea muda, ambayo kila mwaka ilizusha ubishi kana kwamba ni fedheha kwa tume kuomba siku zaidi.

Tukumbushane kwanza. Tarehe 25 Aprili 2015 chama tawala cha CNDD-FDD kilimteua Rais Pierre Nkurunziza kugombea kipindi cha tatu. Kesho yake watu wakaingia barabarani. Kanyosha ilikuwa miongoni mwa mitaa iliyowaka, pamoja na Musaga, Nyakabiga, Cibitoke, Mutakura na Ngagara. Polisi walifyatua risasi. Waandamanaji walirusha mawe na kufunga njia. Jaribio la kuipindua Serikali la tarehe 13 Mei liliposhindwa, mambo yalihama kutoka barabarani mchana yakaingia majumbani usiku. Tarehe 23 Mei Zedi Feruzi, kiongozi wa chama cha upinzani cha UPD, aliuawa kwa risasi Ngagara. Tarehe 2 Agosti Jenerali Adolphe Nshimirimana, aliyekuwa mkuu wa idara ya ujasusi miaka ya nyuma, aliuawa Kamenge. Siku iliyofuata Pierre Claver Mbonimpa, mtetezi mashuhuri wa wafungwa, alipigwa risasi na mtu aliyepanda pikipiki, akanusurika. Oktoba mkwewe aliuawa. Novemba mwanawe aliuawa, na walioona walisema polisi ndio waliomkamata siku ile ile. Waliouawa mwaka ule walikuwa wa kila upande, na kila upande hupenda kusahau nusu ya orodha.

Sisi wa vyama vya wafanyakazi tunamkumbuka Christophe Nkezabahizi, mpiga picha wa radio na televisheni ya taifa, RTNB. Tarehe 13 Oktoba 2015 aliuawa nyumbani kwake Ngagara pamoja na mkewe na watoto wao wawili. Wakazi walisema wauaji ni askari wa kikosi cha polisi cha kulinda taasisi za nchi, API. Polisi walisema kulikuwa na mapigano ya risasi na watu wenye silaha. Kati ya kauli hizo mbili ndipo tume ya uchunguzi inapotakiwa kusimama. Mwenzetu huyu alikuwa mfanyakazi wa Serikali yenyewe. Ameajiriwa na Serikali, na wanaolaumiwa wameajiriwa na Serikali.

Desemba mwaka huo huo Baraza la Haki za Binadamu la Umoja wa Mataifa liliamua kutuma wataalamu huru, wakiongozwa na Christof Heyns wa Afrika Kusini. Ripoti yao ya Septemba 2016 ilihesabu watu 564 waliouawa kinyume cha sheria kati ya tarehe 26 Aprili 2015 na 30 Agosti 2016, nao wenyewe wakasema hesabu hiyo ni ya chini. Tarehe 30 Septemba 2016 Baraza likaunda Tume ya Uchunguzi kuhusu Burundi. Kura zilikuwa 19 za kukubali, 7 za kukataa, na nchi 21 zilinyamaza. Tume ilipewa mwaka mmoja.

Mwaka mmoja! Mtu aliyewahi kufuatilia madai ya fidia ya mkono uliokatwa na mashine anajua mwaka mmoja unaweza kwisha kabla faili halijatoka meza ya kwanza. Basi muda wa Tume uliongezwa mwaka 2017, ukaongezwa tena 2018, tena 2019, tena 2020. Mwenyekiti wa kwanza alikuwa Fatsah Ouguergouz wa Algeria. Baada yake akaja Doudou Diène wa Senegali. Katika miaka yote hiyo Tume haikuruhusiwa kukanyaga ardhi ya Burundi hata siku moja. Septemba 2018 Serikali ya Bujumbura iliwatangaza wajumbe wake watatu kuwa watu wasiotakiwa nchini. Februari 2019 ofisi ya haki za binadamu ya Umoja wa Mataifa mjini Bujumbura nayo ilifungwa. Siku ziliongezwa, mlango ukafungwa.

Katika mkutano wa tawi letu mwenzetu mmoja aliuliza swali ambalo nilitaka kulijibu haraka nikashindwa. Alisema: kama Tume haiwezi kuingia Kanyosha, haiwezi kufukua kaburi, haiwezi kumwita askari hata mmoja ajibu, kuiongezea mwaka ni kuongeza nini zaidi ya mishahara ya wajumbe?

Swali hilo halistahili kudharauliwa. Serikali ya Burundi nayo ililitumia, kwa maneno mengine: kwamba Tume ni chombo cha siasa za mataifa makubwa, inasikiliza wakimbizi na wapinzani tu, na inahukumu bila kuona. Kwamba inasikiliza walio nje ni kweli. Lakini mwenye kufunga mlango hana haki ya kumlaumu mgeni kwa kuuliza habari za nyumba dirishani.

Na dirishani kulikuwa na mengi. Warundi zaidi ya 400,000 walikuwa wamekimbia nchi, wengi wao wakiwa Tanzania, katika kambi za Nyarugusu, Nduta na Mtendeli mkoani Kigoma. Ripoti ya kwanza ya Tume, Septemba 2017, ilitokana na ushahidi wa watu zaidi ya 500. Ilisema kuna sababu za kutosha kuamini kwamba uhalifu dhidi ya ubinadamu ulitendeka: mauaji, watu kukamatwa ovyo, watu kutoweka, mateso, ubakaji. Wengi wa waliotajwa kuhusika walikuwa wa idara ya ujasusi, polisi, jeshi, na Imbonerakure, yaani umoja wa vijana wa chama tawala. Tume ilisema pia kwamba makundi ya upinzani yenye silaha yalitenda maovu yao. Orodha ya majina ya watuhumiwa haikutangazwa, iliwekwa siri.

Sasa, sababu za kuongeza muda ni hizi za kawaida ambazo wanasiasa huziona ndogo. Shahidi wa mauaji ya kisiasa hasemi mara ya kwanza. Mara ya kwanza anasema alikuwa amelala. Mara ya pili anasema alisikia gari. Mara ya tatu, mdogo wake akishavuka mpaka salama, ndipo anapotaja rangi ya gari na jina la aliyeshuka. Tume ya miezi mitatu hupata usingizi na mlio wa gari, kisha huandika kwamba ushahidi haukutosha.

Lipo jambo jingine ambalo lazima lielezwe, maana wengi hulifahamu vibaya. Tukisema polisi wameshirikiana na wauaji, watu huwaza askari amevaa sare na bunduki inatoa moshi. Mara nyingi si hivyo. Kushirikiana ni kizuizi cha barabarani kuondolewa saa mbili kabla, na kurudishwa saa moja baada. Ni sare kuazimwa. Ni kijana wa chama, asiye askari, kupanda katika gari la polisi na kuonyesha nyumba kwa kidole. Ni mtu kukamatwa mbele ya majirani kumi na jina lake kutoandikwa katika daftari la kituo chochote. Ni simu kupigwa na kutopokelewa. Ni mpelelezi kufika asubuhi, kuosha damu, kuondoka bila kuuliza swali. Kila kimoja kikitazamwa peke yake ni uzembe tu, na uzembe hauna kesi. Ni mpaka uviweke pamoja, tarehe kwa tarehe, mtaa kwa mtaa, ndipo unapoona kwamba uzembe huu una saa na una ratiba. Kazi ya namna hiyo ni kazi ya makaratasi, na makaratasi hula siku.

Warundi hawakuanza kuijua habari hii mwaka 2015. Usiku wa kuamkia tarehe 9 Aprili 2009 Ernest Manirumva, makamu wa rais wa OLUCOME, shirika linalopiga vita rushwa, alichomwa kisu akafa. Mwenzetu huyu alikuwa akifuatilia ununuzi wa Serikali, na habari zilizosikika wakati ule ni kwamba miongoni mwa faili zake kulikuwa na habari za silaha zilizonunuliwa kwa ajili ya polisi. Ikaundwa tume. Watu wakalalamika kwamba haikuwa huru. Ikaundwa ya pili. Oktoba 2009 ikaundwa ya tatu, ambayo ilipata msaada wa wapelelezi wa Marekani, FBI. Wamarekani walipendekeza maofisa wakubwa wa polisi na wa ujasusi wahojiwe na wapimwe vinasaba. Mahakama ilitoa hukumu Mei 2012, rufani ikaamuliwa Januari 2013. Watu kadhaa walifungwa, wengine kifungo cha maisha. Wakubwa waliotajwa katika mapendekezo hawakufika kizimbani. Tume tatu, na zote zilipanda ngazi mpaka kipago kile kile.

Mwaka 2012 ilikuja nyingine. Shirika la Human Rights Watch lilikuwa limetoa ripoti ya mauaji ya wafuasi wa FNL na wa CNDD-FDD, mengi yakiwa Bujumbura Vijijini, katika vilima vinavyoizunguka Kanyosha. Juni mwaka huo Mwendesha Mashtaka Mkuu aliunda tume ya mahakimu. Agosti ilikwisha maliza. Ilikubali kwamba watu waliuawa, ikakataa kwamba yalikuwa mauaji ya nje ya sheria. Tuwe wa haki: baada ya tume hiyo askari polisi wawili na vijana kadhaa wa Imbonerakure walikamatwa, jambo lisilo la kawaida. Lakini miezi miwili kwa kazi ya miaka miwili! Hapo hakuna aliyesimama kudai muda uongezwe.

Na hapa nina jambo ambalo, kwangu mimi, linaeleza mengi kuliko hotuba zote za Geneva. Burundi inayo Tume ya Ukweli na Maridhiano, iliyoundwa kwa sheria ya Mei 2014 ili kuchunguza yaliyotokea kuanzia Julai 1962 hadi tarehe 4 Desemba 2008. Mwaka 2018 sheria mpya iliiongezea muda wa kufanya kazi, na ikaipanua pia nyuma. Ikarudishwa mpaka mwaka 1885, siku za mkutano wa Berlin, ili makosa ya wakoloni yaingie. Sawa kabisa, wakoloni wanastahili kuchunguzwa, na mifupa ya watu zaidi ya 6,000 iliyofukuliwa karibu na mto Ruvubu mwaka 2020 inaonyesha kazi ilikuwapo. Upanuzi huo wa nyuma uliyaingiza hata mauaji ya Kamenge ya Januari 1962, ambamo viongozi wa vyama vya wafanyakazi vya Kikristo, mmoja wao Jean Nduwabike, waliuawa na vijana wa chama miezi michache kabla ya uhuru. Kwetu sisi hilo ni kumbukumbu ya kwanza ya damu ya chama cha wafanyakazi katika nchi ile, na ilikuwa nje ya mipaka kwa miezi sita tu.

Lakini mbele, mstari haukusogea. Ulibaki palepale, tarehe 4 Desemba 2008. Manirumva aliuawa Aprili 2009: amekosa kwa miezi minne. Waliouawa vilimani mwaka 2011 wamekosa. Wa 2015 wote wamekosa. Tume iliongezewa miaka 77 kwa nyuma, na kwa mbele haikuongezewa hata siku moja. Basi tunaposikia kwamba tume imeongezewa muda, tuulize muda wa upande gani.

Kosa hili si la Burundi peke yake. Kenya, Josiah Mwangi Kariuki alipouawa Machi 1975, kamati teule ya Bunge ilifuata nyayo mpaka kwa mkuu wa kikosi cha GSU, aliyeonekana naye siku ya mwisho. Kamati ilitaka maofisa wa polisi wachunguzwe zaidi, hakuna aliyeshtakiwa. Robert Ouko alipouawa Februari 1990 iliundwa tume ya hadhara chini ya Jaji Evans Gicheru. Ilisikiliza mashahidi zaidi ya mwaka mmoja, na Novemba 1991, kabla haijamaliza, Rais Moi akaivunja. Afrika Kusini mwaka 1990 Tume ya Harms ilipewa kazi ya kuchunguza vikosi vya mauaji vya polisi, lakini hadidu zake za rejea ziliishia ndani ya mipaka ya nchi, na vikosi vile vilikuwa vimeua Lesotho, Swaziland na kwingineko. Ilirudi karibu mikono mitupu.

Lakini Afrika Kusini ndiko pia lilikotoka jibu la swali la mwenzetu wa tawini. Neil Aggett, daktari na mratibu wa chama cha wafanyakazi wa viwanda vya chakula, alikufa mikononi mwa polisi wa usalama Johannesburg tarehe 5 Februari 1982. Uchunguzi wa mahakama wa mwaka ule ulisema alijinyonga na hakuna wa kulaumiwa. Familia na wenzake hawakukubali. Mwaka 2020 uchunguzi ulifunguliwa upya, na tarehe 4 Machi 2022 Jaji Motsamai Makume akaamua kwamba Aggett aliuawa na polisi. Miaka arobaini. Askari waliolaumiwa zaidi walikuwa wamekwisha kufa. Kilichowezesha uamuzi huo ni makaratasi ya 1982: ushahidi wa waliofungwa naye, ulioandikwa wakati ule ingawa hakimu wa wakati ule aliukataa.

Turudi Kanyosha. Familia ambayo mtu wake alichukuliwa usiku na hakurudi haina maiti. Haina kaburi, si Ruziba wala kwingineko. Mila ya Kirundi inataka baada ya muda ndugu wakusanyike, wanywe, walipe madeni ya marehemu, wakabidhiane mali na yatima, na msiba ufungwe: ndiyo kuganduka. Bila maiti, ni nani atakayesimama na kusema msiba umekwisha? Mke haolewi, haachwi, hafiwi. Na kwa upande wa kazi ni hivyo hivyo. Mume alikatwa michango ya INSS kila mwezi. Pensheni ya mjane na ya yatima inataka cheti cha kifo. Cheti cha kifo kinataka maiti au uamuzi wa mahakama. Mahakama inataka mtu aende mbele ya hakimu aseme mumewe alichukuliwa na nani, kwa gari gani. Hapo ndipo mjane anaporudi nyumbani. Michango ya miaka kumi inabaki katika mfuko, na mwenye nyumba anasubiri kodi.

Kwa mjane huyo, ripoti ya tume inayosema watu wa mtaa wake walichukuliwa na polisi tarehe fulani si siasa ya Geneva. Ni karatasi ambayo wakili anaweza kuiweka mezani bila yeye kutaja jina la jirani.

Tarehe 8 Oktoba 2021 Baraza liliifuta Tume. Rais Nkurunziza alikuwa amefariki Juni 2020, Évariste Ndayishimiye ameshika madaraka, na mataifa mengi yalitaka kufungua ukurasa mpya. Mahali pa Tume akawekwa mtu mmoja, Ripota Maalumu; aliyeteuliwa ni Fortuné Gaetan Zongo wa Burkina Faso. Muda wake nao uliongezwa mwaka baada ya mwaka, na mlango nao ukabaki umefungwa kama ulivyokuwa. Nasema wazi kwamba kuifuta Tume ilikuwa haraka. Rais mmoja kufa na mwingine kuapishwa hakubadilishi daftari la kituo cha polisi.

Kilichobaki ni The Hague. Burundi ilijitoa katika Mahakama ya Kimataifa ya Jinai tarehe 27 Oktoba 2017, lakini siku mbili kabla majaji walikuwa wameruhusu uchunguzi uanze, kwa siri, na kuutangaza tarehe 9 Novemba. Uchunguzi huo unahusu yaliyotendeka kuanzia tarehe 26 Aprili 2015 hadi 26 Oktoba 2017, na makosa ya aina hiyo hayafutwi na miaka kupita. Ripoti za wataalamu na za Tume zimekwisha kuwako pale kama matofali yaliyochomwa yakingoja fundi.

Matawi yenye wanachama waliotoka mitaa ya kusini ya Bujumbura, iwe wako Bujumbura, Kigoma, Uvira au Kampala, yanaombwa kufanya kazi ndogo ifuatayo bila kungoja tume yoyote. Mwanachama aliyepotelewa na ndugu aandikiwe karatasi: siku na saa, mavazi, gari na namba yake hata ikiwa nusu, kituo alichokwenda kuulizia na jibu alilopewa, jina la mwajiri, namba ya INSS. Asilazimishwe kutaja mtu asiyetaka kumtaja. Nafasi hiyo iachwe wazi, ataijaza mwaka akiwa tayari. Karatasi iandikwe nakala mbili, na nakala ya pili isikae nyumba moja na ya kwanza.